Mgeni wa Seva ya Mvua

Barua pepe iliingia Jumatatu saa tatu asubuhi, Nerima Sitati akiwa bado anapangusa vumbi kwenye meza yake. Ilitoka kwa kampuni inayokiletea Chuo cha Gurdial intaneti, na haikuanza na salamu. Ilisema kwamba mashine moja ya chuo, yenye anwani inayoishia na 77, imekuwa ikituma barua taka kwa maelfu ya watu na kujaribu kuvunja kompyuta za wengine. Chuo kilipewa hadi Ijumaa saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo, kama mashine hiyo itakuwa bado inasumbua watu, chuo kizima kitakatiwa intaneti.

Nerima alifungua orodha ya seva za chuo aitafute 77. Orodha ilikuwa na mashine sita. Hiyo haikuwamo.

Alikuwa na miezi mitatu tu pale. Kabla ya hapo alifanya kazi katika kampuni ya bima Nairobi, ambako hata kwenda msalani kulihitaji kadi. Chuo cha Gurdial, nje kidogo ya mji wa Nakuru kwenye barabara ya kwenda Njoro, kilikuwa kinyume kabisa. Mwanzilishi wake, fundi wa matrekta aliyeitwa Gurdial, aliacha wosia kwamba maktaba isitiwe kufuli kamwe, na walimu wakaurefusha wosia huo mpaka ukafika kwenye kompyuta. Mhadhiri yeyote aliyetaka kuwa na seva, tena seva inayofikiwa na dunia nzima, alichomeka waya ukutani, akajichagulia namba, akaendelea na maisha. Kwa njia hiyo ramani za udongo za chuo zilikuwa zikitumiwa mpaka nchi za mbali. Kwa njia hiyo hiyo hakuna aliyejua chuo kina seva ngapi.

Shamir, aliyekuwa na miaka tisa katika ofisi ile, alisema 77 hajawahi kuisikia. Nerima akawaandikia wakuu wa idara wote. Idara ya Uhasibu ilijibu kwamba haina seva na haijawahi kuwa nayo, jambo lililomshangaza Nerima, kwa sababu alikuwa ameiona chini ya meza ya karani wao, imewekewa kitambaa cha kushonwa kwa mkono. Mkuu wa Mifugo alijibu kwamba anaye ng'ombe mwenye namba 77, ila hana habari zozote za intaneti. Wengine hawakujibu.

Jumanne asubuhi Nerima akaamua kufanya lililo rahisi. Pale ambapo mtandao wa chuo hukutana na wa nje kuna kifaa kinachofanya kazi ya geti, kinachoamua nani apite na nani arudi. Akakiagiza kisiiruhusu 77 kutoka wala mtu yeyote kuiingia. Kisha akajimiminia chai.

Chai haikupoa kabla hajaitwa na mkuu wa chuo.

Daktari Ritu alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu ambaye kadiri alivyokasirika ndivyo alivyoongea polepole, na siku hiyo aliongea polepole sana. Simu yake ya mezani ilikuwa imelia mara kumi na moja kwa nusu saa. Mama mmoja msimamizi wa shamba la maua, kule Karagita, alitaka kujua kama apulize dawa au asipulize. Mtu mwingine akapiga kutoka Gilgil, mwingine Subukia. Wa kumi na moja alikuwa mkulima wa viazi wa Molo aitwaye Kiptum, na Daktari bado alikuwa naye kwenye simu. Akamkabidhi Nerima kipokeo.

"Ni nyinyi mmefunga mvua?" Kiptum aliuliza.

Nerima alimwomba aeleze. Kiptum akaeleza kwa subira, kama mtu anayemweleza mgeni wa nchi. Chuo kilikuwa na ukurasa. Kila asubuhi ukurasa ulionyesha mvua iliyonyesha jana, baridi ya alfajiri, na kama baridi hiyo ilikuwa ya kuchoma viazi. Alikuwa akiusoma kwenye simu kwa miaka sita. Leo ukurasa ulikuwa mweupe pe, na yeye alikuwa amesimama katikati ya shamba na vibarua wanane.

Nerima aliporudisha kipokeo, Daktari Ritu alimwambia maneno machache. Mashine hiyo itafutwe, ipatikane, iache uhalifu, na isife.

Akarudi ofisini akalegeza geti kidogo. Aliuacha mlango mmoja tu wazi, ule wa kusomea ukurasa, na akaizuia 77 isianzishe safari yoyote ya kwenda nje. Kwa hiyo wakulima waliweza kusoma, lakini mashine haikuweza kumsumbua mtu. Hilo lilikuwa bandeji tu. Mashine yenyewe ilikuwa imeoza ndani, na kampuni ilitaka ripoti ya mahali ilipo, mwenyewe ni nani na imetibiwaje.

Shamir ndiye aliyekumbuka kwamba swichi za mtandao, vile visanduku vinavyogawa waya majengoni, huweka kumbukumbu ya mashine gani imechomekwa wapi. Wakafuatilia swichi moja baada ya nyingine hadi ya mwisho, waya wa kumi na nne. Juu ya swichi hiyo mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: JIKO.

Jikoni palitawaliwa na Emmy, mpishi mkuu, mwanamke mpana ambaye hakuwa na desturi ya kuacha kukata vitunguu kwa sababu ya mgeni. Nerima alipomuuliza kama amewahi kuona kompyuta humo, alisema hapana, jikoni kwake hakuna kompyuta. Alipomuuliza kama kuna kitu chochote chenye waya ambacho hakijui, alisema hakuna. Kisha akafikiri kidogo.

"Labda hiyo sanduku ya mandazi," akasema.

Ilikuwa stoo ya nyuma, kwenye rafu ya chini, kati ya magunia ya unga. Juu yake palikuwa na beseni kubwa lililofunikwa kwa taulo. Emmy alieleza kwamba kisanduku hicho alikikuta hapo alipoajiriwa, na kwa kuwa kilikuwa na joto zuri, kila asubuhi aliweka unga wa mandazi juu yake uumuke. Kwa miaka mingi unga ulichukua saa nzima. Lakini tangu mwezi wa pili, alisema, unachukua nusu saa tu, mpaka siku nyingine unamwagika. Yeye alidhani ni hamira mpya.

Nerima akakigusa kisanduku ubavuni. Mashine ikifanya kazi sana hupata moto. Kumbe tangu mwezi wa pili kulikuwa na mtu ndani akiifanyisha kazi usiku na mchana, na aliyeligundua jambo hilo kwanza katika chuo kizima alikuwa mpishi. Akamwomba Emmy ainue beseni. Chini yake palibandikwa karatasi iliyolainika kwa mvuke, imeandikwa kwa herufi kubwa nzuri: MALI YA OBURA, KITENGO CHA HALI YA HEWA. PASWADI NI mvua2013. TAFADHALI USIZIME.

Mzee Obura alikuwa amestaafu miaka minne iliyopita, lakini habari hiyo hakuitilia maanani sana. Kila asubuhi alitembea kutoka mtaa wa Bondeni mpaka stendi, akapanda gari la Njoro, akaja kusoma kipimo cha mvua nyuma ya uwanja wa mpira. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na mzee alirithi kwake saa ya mkononi na imani kwamba kitu kinachotakiwa saa tatu hufanywa saa tatu. Nerima alimkuta akiandika kwenye daftari, miwani imeteremka hadi ncha ya pua.

Akajitambulisha, akamweleza kwamba kuna mtu ameingia ndani ya mashine yake bila ruhusa. Alikuwa amejiandaa kwa mshtuko, au ubishi. Mzee Obura alitikisa kichwa kwa upole.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "yule namjua. Ni mgeni wangu."

Wakakaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba, na mzee akasimulia. Mwezi wa pili alifungua mashine aingize vipimo vyake, akaona kuna mtu mwingine humo, kajipa jina la *guest7*. Mzee alifikiri ni mhadhiri mgeni aliyepewa nafasi na ofisi, kwa kuwa mashine za chuo ni za wote. Hakupendezwa kwamba hakubisha hodi, lakini mgeni ni mgeni. Akamwandikia faili la kumkaribisha. Baada ya siku mbili akapata jibu.

Nerima alimwomba aone faili hilo. Walirudi jikoni, wakachomeka skrini, Emmy akiwaangalia kwa mashaka kwa sababu beseni lake lilikuwa sakafuni. Faili lilikuwa na jina SALAMU. Barua ya kwanza ilikuwa ya mzee:

*Ndugu mgeni, karibu. Mimi ni Obura. Naomba jambo moja: asubuhi wakulima husoma ukurasa wa mvua, na wewe ukifanya kazi sana unakuwa mzito. Punguza kidogo kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne.*

Jibu lilikuwa kwa Kiswahili ambacho bila shaka kilitoka kwenye programu ya kutafsiri:

*Mzee anayeheshimika. Nimekisikia kilio chako. Nitakuwa mwepesi wakati wa kuku. Pia mlango wa mashine yako ulikuwa na ugonjwa mkubwa. Nimeuponya ili watu wabaya wasiingie. Wako wa ndani, mfanyakazi.*

Barua zilikuwa tisa. Katika moja, mzee alimwuliza kama kwao kunanyesha. Mgeni akajibu kwamba kwao mvua ni baridi na haina furaha. Shamir, aliyekuwa akisoma kwa nyuma, ilibidi atoke nje kidogo.

Nerima hakucheka. Alikuwa akitazama jinsi mdukuzi yule alivyoitengeneza mashine. Ni kweli aliuziba ufa alioingilia, jambo ambalo wadukuzi hufanya ili wenzao wasiwafuate ndani. Alifuta programu mbovu tatu. Aliweka masasisho ya programu ambayo hayakuwa yamewekwa tangu mwaka wa 2016. Mashine ilikuwa imetunzwa kuliko nyingi za ofisini kwake, na mzee alilisema hilo hilo, bila nia ya kumuumiza.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," akasema Mzee Obura. "Huyu hata sikumpa. Alilichukua mwenyewe akalima."

Nerima alijaribu kumweleza barua taka. Kutoka stoo ile ya unga zilikuwa zimetoka barua laki nne za kutangaza chai ya kupunguza tumbo. Mzee alisema ni jambo la aibu, lakini watu wengi huuza vitu vibaya, hata pale sokoni. Nerima akamweleza kwamba mgeni alitumia mashine hiyo kubisha milango ya kompyuta za watu wengine, akitafuta zilizo dhaifu. Mzee akauliza kama milango hiyo ilifunguka.

Basi Nerima akafungua orodha ambayo mgeni aliiacha ndani ya mashine. Ilikuwa ndefu, anwani baada ya anwani, na zile zilizofunguka ziliwekewa alama. Alichagua moja kwa kubahatisha, akaifungua kwenye simu yake. Ilikuwa kituo kidogo cha hali ya hewa katika kisiwa fulani cha mbali, mahali ambapo hakuna mmoja kati yao aliyejua hata kupatamka. Kichwani mwa ukurasa kulikuwa na picha ya mtu mzima mwenye kofia amesimama kando ya kipimo cha mvua, kipimo kilekile kama cha nyuma ya uwanja. Chini yake, mahali pa vipimo, palikuwa na tangazo la chai ya kupunguza tumbo. Kipimo cha mwisho kilikuwa cha mwezi wa tatu.

Mzee Obura aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Aliuliza kama mtu yule ana nakala ya vipimo vyake mahali pengine. Nerima akasema hajui. Akauliza kama uharibifu huo ulitoka hapa, kwenye mashine hii. Nerima akasema ndiyo, ulitoka hapa.

"Kwa jina langu," mzee akasema.

Alimaliza chai aliyopewa na Emmy. Kisha akatoa masharti mawili. La kwanza, vipimo vyake vya miaka kumi na moja visipotee hata kimoja. La pili, mgeni apewe notisi, kwa sababu hata mpangaji mbaya hutolewa kwa maneno kabla ya kutolewa vitu nje.

La kwanza Nerima alilikubali palepale. La pili lilimtatiza, kwa maana geti lilikuwa limeshafungwa na mgeni hakuweza tena kuingia kusoma faili la SALAMU. Akamweleza mzee hivyo, akidhani jambo limekwisha. Mzee akasema vizuri, basi ataiweka notisi pale ambapo kila mtu anaweza kusoma. Kabla Nerima hajaelewa, akawa ameiandika juu kabisa ya ukurasa wa mvua:

*Kwa mgeni aliyekaa ndani tangu mwezi wa pili. Nimeona ulichomfanyia mwenzangu wa kisiwani. Muda wako hapa umekwisha leo. Usirudi. Obura.*

Jumatano asubuhi simu ya Daktari Ritu ililia tena. Alikuwa Kiptum wa Molo. Alitaka kuhakikisha kwamba notisi hiyo haimhusu, kwa sababu yeye pia alianza kuusoma ukurasa kwenye simu mpya mwezi wa pili.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za kazi ya mikono. Nerima hakujaribu kuisafisha mashine. Nyumba iliyokaliwa na mwizi miezi kadhaa, alimwambia mzee, huwezi kujua amechimba mashimo mangapi, heri ujenge upya. Walinakili namba za mvua peke yake, hakuna programu hata moja, na mzee akazilinganisha na madaftari yake ya karatasi, siku kwa siku, akisoma kwa sauti huku Shamir akikagua skrini. Walipofika mwaka wa tatu Shamir alikuwa amepoteza sauti na hamu ya kuishi, lakini hawakupata kosa hata moja, ila siku moja ya mwezi wa nne ambayo mzee alikiri alikuwa matangani.

Mashine mpya ikawekwa katika chumba cha seva chenye baridi yake. Ukurasa ukabaki wazi kwa dunia nzima kama zamani, na milango mingine yote ikafungwa. Kuingia ndani hakukuwa tena kwa neno la siri bali kwa ufunguo wa kidijitali uliokaa kwenye kompyuta ya mzee, na Nerima alimweleza mara tatu kwamba ufunguo huo haubandikwi kwenye karatasi. Masasisho yakapangwa kujiweka yenyewe. Nakala ya vipimo ikawa inatoka kila siku kwenda mahali pengine. Aliyeumia ni Emmy peke yake. Alikuja ofisini Alhamisi na beseni mkononi kuuliza wanampa kitu gani mbadala, maana unga umelala kama maiti.

Ijumaa saa tisa Nerima akatuma ripoti. Saa kumi kampuni ikajibu kwa maneno mawili: imepokelewa, imefungwa. Aliyasoma hayo maneno kama mtu aliyetumiwa shairi.

Wiki iliyofuata Daktari Ritu aliita mkutano. Mkuu wa Uhasibu, ambaye sasa alikuwa amekubali kwamba seva ipo lakini si yake, alipendekeza mashine zote za idara zifungwe, na kila kitu kipitie ofisi moja. Wachache walitikisa kichwa kukubali. Nerima aliombwa maoni, akasimama, ingawa hakuzoea kuongea mbele ya maprofesa.

"Kuacha mlango wazi si kosa," alisema. "Kosa ni mlango wazi ambao haujulikani ni wa nani. Wekeni seva mnavyotaka. Lakini kila moja iwe na jina la mtu, iwe na milango inayohitajika tu, na mtu huyo aitunze. Asiyeitunza, nitaifunga mimi."

Daktari Ritu akasema hilo ndilo litakalofanyika, akalisema upesi upesi, na watu wakajua amefurahi.

Siku ya kuandikisha, seva ishirini na tatu zilijitokeza badala ya sita. Ya Uhasibu ililetwa na karani, bado na kitambaa chake. Moja ilikuwa ya kwaya ya chuo, imejaa mazoezi ya sauti ya nne yaliyoimbwa vibaya na kusikilizwa na dunia nzima. Nyingine mwenyewe alikuwa amehamia Australia mwaka wa 2018, akapigiwa simu, akashangaa kwamba bado inapumua. Mzee Obura alikuja amevaa tai. Alijaza fomu kwa herufi zake kubwa nzuri, akapiga saini, akaondoka kwenda kusoma kipimo.

Nerima hakuisoma fomu hiyo vizuri. Shamir ndiye aliyeingiza majina yote kwenye mfumo, na mfumo ukaweka chini ya kila ukurasa jina na namba ya mtu wa kupigiwa kukiwa na tatizo.

Jumapili, Nerima akiwa kanisani pale mtaa wa Section 58, mahubiri yamefika katikati, simu ilitetemeka kwenye mkoba. Namba hakuijua. Alitoka nje akajibu kwa sauti ya chini. Ilikuwa sauti ya mama, nyuma yake kuku wanalia. Alijitambulisha kuwa Nanyama wa Gilgil, akaomba radhi kwa kupiga siku ya Bwana. Amesoma kwenye ukurasa wa mvua kwamba kukiwa na tatizo ampigie Nerima Sitati. Tatizo analo. Ameanika mahindi yake yote, na mawingu anayaona ila hayaelewi.

Nerima alianza kumweleza kwamba yeye ni mtu wa kompyuta, kwamba namba yake ilijazwa kimakosa kwenye fomu ya mvua, kwamba ampigie Mzee Obura. Kisha akakumbuka kwamba mzee naye yuko kanisani, na simu huizima tangu wimbo wa kwanza.

Akasogea mpaka ukingoni mwa veranda, akautazama upande wa Gilgil. Mbingu ilikuwa nyeusi kuanzia milimani mpaka chini.

"Anua, mama," akasema. "Anua sasa hivi."